MEDALI SITA ZA DHAHABU
Tanzania katika Michezo ya Jumuiya ya Madola



Umekwisha jifunza kusoma tarehe, saa na vipimo. Katika somo hili utavitumia vyote vitatu. Utasoma habari za Watanzania waliokimbia na kupigana ngumi katika nchi za mbali. Majina yao yameandikwa katika vitabu vya dunia. Zamani ulipaswa kungoja mtu akusimulie. Sasa unaweza kusoma mwenyewe na kupima mwenyewe.

1. Michezo hii ni ipi?

Jumuiya ya Madola ni umoja wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Uingereza zamani. Kila baada ya miaka minne nchi hizo hupeleka vijana wao kushindana. Kuna mbio, ngumi, kuogelea, kunyanyua vitu vizito na michezo mingine.

Mshindi wa kwanza hupewa medali ya dhahabu. Wa pili hupewa ya fedha. Wa tatu hupewa ya shaba. Watu wengine huita medali nishani. Wimbo wa taifa la mshindi wa kwanza hupigwa, na bendera yake hupandishwa juu kuliko nyingine.

Nchi yetu ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1962, katika mji wa Perth, Australia. Wakati huo bado iliitwa Tanganyika. Mwaka 1970 bondia Titus Simba alipata medali ya fedha katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Lakini dhahabu ilikuwa haijapatikana.

2. Kijana wa Karatu

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974 alisimama kwenye mstari katika mji wa Christchurch, New Zealand. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mbio zilikuwa za mita 1500. Hiyo ni kuzunguka uwanja mara tatu na robo tatu.

Wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa na desturi moja. Walikwenda pamoja kwa hadhari, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mzunguko wa mwisho ndipo walipofyatuka. Bayi hakufanya hivyo. Bunduki ilipolia, alitoka mbele mara moja na akawaacha wenzake nyuma. Watu walidhani atachoka.

Katika mita za mwisho John Walker wa New Zealand alimkaribia. Watu wa kwao walikuwa wakimshangilia uwanja mzima. Bayi hakukubali kupitwa. Alifika wa kwanza. Walker alikuwa wa pili, na Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu.

Saa ilionyesha 3:32.2. Tusome pamoja: dakika 3, sekunde 32, na sehemu mbili za kumi za sekunde. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia mita 1500 kwa kasi hiyo. Rekodi ya zamani ilikuwa 3:33.1, nayo iliwekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Hata Walker, aliyeshindwa siku hiyo, alikimbia kuliko rekodi hiyo ya zamani.

Rekodi ya dunia ya Bayi ilivunjwa mwaka 1979. Lakini rekodi yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu zaidi. Wakimbiaji walikuja na kwenda, rekodi ikabaki palepale. Ilivunjwa mwaka 2022 na Oliver Hoare wa Australia.

3. Shahanga, Barie na Ikangaa

Mwaka 1978 michezo ilifanyika Edmonton, Kanada. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 1500. Katika marathon Gidamis Shahanga alishika nafasi ya kwanza.

Marathon ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Fikiri kidogo. Ukitoka kijijini kwako na kwenda kilometa 42, utafika wapi? Kwa miguu, pengine utahitaji siku nzima. Shahanga alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39.

Mwaka 1982 michezo ilikuwa Brisbane, Australia. Shahanga alikimbia mita 10,000 na kushinda tena. Wa pili alikuwa Mtanzania mwingine, Zakaria Barie. Kati yao palikuwa na chini ya nusu sekunde. Siku hiyo bendera yetu ilipanda mara mbili kwa mbio moja.

Kisha ikaja marathon. Juma Ikangaa na Shahanga waliongoza kwa muda mrefu, wakawaacha wengine mbali. Robert de Castella wa Australia akaanza kupunguza pengo kidogo kidogo. Alimpita Shahanga, kisha akamfikia Ikangaa karibu na mwisho. Hapo wakapitana: huyu mbele, mara yule mbele. De Castella alishinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa alikuwa wa pili kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 30. Ikangaa alipata fedha, lakini mbio hizo zinakumbukwa na watu wengi mpaka leo.

4. Mwaka ambao hatukwenda

Mwaka 1986 michezo ilifanyika Edinburgh. Tanzania haikupeleka mtu. Kwa nini?

Wakati huo Afrika Kusini ilitawaliwa na makaburu. Mtu mweusi hakuwa na kura, na hakuruhusiwa kuishi mahali alipotaka. Nchi nyingi zilitaka makaburu wawekewe vikwazo vya uchumi, yaani wasiuziwe vitu wala kununuliwa vyao. Serikali ya Uingereza ilikataa. Kwa sababu hiyo nchi 32 kati ya 59 zilisusia michezo. Tanzania ilikuwa moja yao. Mwaka 1976 pia Tanzania, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Sababu ilikuwa timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini.

Kususia si jambo rahisi. Mkulima akikosa mvua mwaka huu, hungoja mwaka ujao. Mkimbiaji akikosa michezo hii, hungoja miaka minne, na miguu nayo inazeeka. Mwaka 1976 Bayi na Walker walikosa kukutana Montreal. Walker akashinda medali ya dhahabu bila Bayi kuwepo. Mwaka 1986 de Castella alishinda marathon ya Edinburgh bila Ikangaa kuwepo. Desemba mwaka huohuo Ikangaa alishinda marathon kubwa ya Fukuoka, Japani. Basi uwezo alikuwa nao.

Ukisoma orodha ya medali, utaona mwaka 1986 Tanzania haina kitu. Mtu asiyejua habari hii atasema, "Mwaka huo Watanzania walishindwa." Sivyo. Hawakushindwa, maana hawakushindana. Walitoa medali zao kwa ajili ya uhuru wa wenzao. Mwaka 1994 Waafrika Kusini wote walipiga kura. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilirudi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

5. Tusome orodha

Hizi ndizo medali za dhahabu ambazo Tanzania imepata katika michezo hii. Soma kila mstari polepole.

1974, Christchurch (New Zealand): Filbert Bayi, mita 1500.
1978, Edmonton (Kanada): Gidamis Shahanga, marathon.
1982, Brisbane (Australia): Gidamis Shahanga, mita 10,000.
1998, Kuala Lumpur (Malaysia): Michael Yomba, ngumi.
2002, Manchester (Uingereza): Francis Naali, marathon.
2006, Melbourne (Australia): Samson Ramadhani, marathon.

Orodha hii ni fupi, lakini ina mengi. Kwanza, medali ni sita, lakini watu ni watano. Pili, marathon peke yake imeleta medali tatu. Tatu, kuna pengo kubwa kati ya 1982 na 1998. Nne, wote ni wanaume. Hakuna mama wala dada hata mmoja. Je, wanawake wetu hawawezi kukimbia? Msichana anayekwenda kisimani na kurudi kila siku ana miguu yenye nguvu. Lakini nani humpa nafasi ya kufanya mazoezi?

6. Miaka ya ukame

Baada ya mwaka 2006 ulikuja ukame. Mwaka 2010, 2014 na 2018 timu yetu ilirudi mikono mitupu. Mwaka 2022, katika mji wa Birmingham, Uingereza, mvua kidogo ilinyesha. Alphonce Simbu alipata medali ya fedha katika marathon, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Mabondia wawili, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe, walipata shaba.

Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hakuishia hapo. Septemba 2025 alishinda marathon ya Mashindano ya Riadha ya Dunia, Tokyo, Japani. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walifika karibu pamoja. Ilibidi watazame picha ili kujua nani wa kwanza. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ni pungufu ya kupepesa jicho. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo.

7. Mkimbiaji bora hutoka wapi?

Wakimbiaji wetu wengi wa mbio ndefu wametoka mikoa ya Arusha, Manyara na Singida. Sehemu nyingi huko ni za juu. Mahali pa juu hewa ni nyepesi. Mwili wa mtu anayeishi huko huzoea kwa kutengeneza chembe nyingi nyekundu za damu. Chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi kwenda kwenye misuli.

Lakini mlima peke yake haumfanyi mtu bingwa. Watu wengi wanaishi milimani, na mabingwa ni wachache. Mkimbiaji huhitaji mazoezi ya kila siku kwa miaka mingi. Huhitaji chakula cha kutosha: ugali au wali, maharagwe, mboga, matunda, maziwa. Huhitaji usingizi. Huhitaji kujikinga na malaria. Huhitaji mwalimu anayejua kupima saa. Na huhitaji mtu wa kumwona mapema, angali mtoto.

Mtu huyo wa kwanza kumwona si mkubwa wa michezo aliye mjini. Ni wewe: mzazi, jirani, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu wa shule. Kama mtoto anayekimbia vizuri hukatazwa kila siku, nani atajua uwezo wake? Mbegu isiyopandwa haioti.

8. Andika yako

Tunamjua Bayi kwa sababu mtu alipima saa na kuandika. Katika vijiji vyetu wamekuwapo wakimbiaji hodari. Wazee husimulia habari zao. Lakini walikimbia kwa muda gani? Umbali gani? Mwaka gani? Mara nyingi hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyeandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa wewe unajua kuandika. Siku ya michezo kijijini, usikae tu kushangilia. Chukua daftari na kalamu. Andika jina, umri, mbio, muda na tarehe. Mwaka ujao andika tena, kisha linganisha. Kijana akiona muda wake wa mwaka jana umeandikwa, atajitahidi kuupita.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bondia: mtu anayepigana ngumi za mchezo.
Kususia: kukataa kushiriki jambo ili kuonyesha kwamba huridhiki.
Makaburu: Wazungu waliotawala Afrika Kusini kwa ubaguzi wa rangi.
Pengo: nafasi iliyo wazi kati ya vitu viwili.
Rekodi: kipimo bora kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa.
Riadha: michezo ya kukimbia, kuruka na kutupa.

MASWALI

1. Filbert Bayi alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Rekodi ya Bayi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliwekwa mwaka 1974 na kuvunjwa mwaka 2022. Ilidumu miaka mingapi?
3. Katika marathon ya Brisbane, de Castella alimtangulia Ikangaa kwa sekunde ngapi?
4. Kati ya medali ya dhahabu ya 1982 na ile ya 1998 ilipita miaka mingapi?
5. Nchi 32 kati ya 59 zilisusia michezo ya mwaka 1986. Nchi ngapi zilibaki?

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Je, ilikuwa sawa kususia michezo mwaka 1986? Wanariadha walipoteza nini? Wananchi wa Afrika Kusini walipata nini? Kila mtu atoe maoni yake na sababu zake.
2. Kwa nini hakuna mwanamke katika orodha ya dhahabu? Kijijini kwetu wasichana huzuiwa na mambo gani kufanya michezo?

KAZI YA KUFANYA

Pimeni njia ya mita 100 karibu na darasa. Kama hamna kipimo, chukueni kamba ya mita 10 na kuilaza chini mara kumi. Waiteni vijana, wasichana kwa wavulana, wakimbie. Mmoja wenu ashike saa, mwingine aandike. Bandikeni majina na muda wao ukutani. Hiyo itakuwa rekodi ya kwanza ya kijiji chenu.