Kitanda cha Zamani Bado Kinafaa



Mahindi yameingia ghalani. Ulezi umepurwa. Mvua hakuna, na kazi ya shamba imepungua. Hapa Matai huu ndio wakati wa kufyatua matofali na kukandika kuta. Basi leo tuzungumze juu ya kutengeneza nyumba kwa fedha kidogo. Tutatazama kitanda, kiti, ukuta na sakafu.

Labda unauliza: mambo ya kitanda na rangi yanauhusu nini ukurasa wa afya? Yanauhusu sana. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Leo inama kweli. Washa tochi. Inua godoro. Tazama pale mbao mbili zinapokutana. Ukiona madoa madogo meusi kama nukta za wino, hapo wanakaa kunguni. Sasa tazama chini zaidi. Tazama nyufa za ukuta karibu na sakafu, na vumbi lililo uvunguni. Humo ndimo anamokaa papasi.

Kunguni anasumbua. Anatunyima usingizi. Mtoto hujikuna mpaka akapata vidonda. Lakini haijathibitishwa kwamba kunguni hueneza ugonjwa kwa watu. Papasi ni jambo jingine.

Papasi ana rangi ya udongo na miguu minane, kama kupe. Mchana hujificha ndani ya vumbi na nyufa. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi shimoni. Mtu aliyelala huenda asijue kwamba ameumwa. Papasi anaweza kuishi miaka bila kula. Kwa hiyo ukihamia katika nyumba ya udongo iliyokaa tupu mwaka mzima, usidhani papasi wamekufa. Wanakungoja.

Mdudu huyu huleta homa ya papasi. Homa huja kwa nguvu, pamoja na kuumwa kichwa, viungo na kutapika. Baada ya siku chache huacha. Mgonjwa hufurahi, hurudi shambani. Baada ya siku kadhaa homa hurudi tena. Watu wengi husema ni malaria, na hununua dawa ya malaria dukani. Dawa hiyo haiiponyi homa ya papasi. Mama mjamzito akiipata, mimba inaweza kuharibika. Watoto wachanga wanaweza kufa.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, alichunguza papasi katika nchi hii, wakati wa utawala wa Wajerumani. Aliona kwamba hata mayai ya papasi yana vijidudu vya homa hiyo. Maana yake papasi mama huwarithisha watoto wake ugonjwa. Kuua papasi mmoja mmoja hakutoshi. Lazima tuharibu makao yao.

Sasa tuanze kazi. Toa kitanda nje. Kifungue vipande vipande kama inawezekana. Chemsha maji mpaka yatokote, uyamimine polepole katika kila ufa na kila tundu la msumari. Watoto wakae mbali wasiungue. Watu wengi huanika kitanda juani na kuridhika. Huku kwetu Ufipa mwezi wa Julai jua linawaka, lakini upepo ni wa baridi. Ubao haupati moto wa kutosha ndani. Kunguni hukaa humo akikucheka. Maji yanayotokota ndiyo yanayoua, yeye na mayai yake, pale yanapomfikia. Rudia baada ya siku kumi, maana wengine hujificha. Nguo na mablanketi nayo yachemshwe.

Usimwagie kitanda mafuta ya taa wala petroli. Moto mdogo wa kibatari utachoma nyumba. Usitumie dawa ya kuhifadhia mahindi wala dawa ya kunyunyizia mimea. Hiyo ni sumu, nawe utalala juu yake ukiivuta usiku kucha.

Kitanda kikishakauka, ziba nyufa. Chukua unga wa mbao ulioanguka chini ya msumeno wa fundi seremala. Fundi huutupa, atakupa bure. Changanya na gundi ya mbao mpaka iwe kama ugali mgumu. Shindilia katika nyufa na matundu. Ikikauka, piga msasa mpaka ubao uwe laini. (Msasa ni jina la mti. Majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao.) Ubao laini unapendeza, lakini faida kubwa ni kwamba mdudu hana pa kujificha.

Hapa ngoja kidogo. Je, kitanda au kiti chako kina rangi ya zamani? Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, na akili iliyodhurika hivyo hairudi. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zimefanya hivyo. Lakini kiti cha zamani hakina habari za sheria. Kama rangi imeshika vizuri, usiikwangue. Paka rangi nyingine juu yake, iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kama inabanduka, fanya kazi nje, lowesha ubao kwanza ili vumbi lisiruke, na ujifunge kitambaa puani na mdomoni. Watoto na mama wajawazito wasikaribie. Zoa mabaki yote, uyafukie mbali na kisima. Ubao wenye rangi usiwe kuni za kupikia hata siku moja.

Vanishi ni ghali. Kama ubao hauna rangi, tumia nta ya nyuki na mafuta ya alizeti. Weka sehemu moja ya nta na sehemu tatu za mafuta ndani ya kopo. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiweke kopo motoni moja kwa moja, litashika moto. Paka kidogo sana, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Ukipaka nyingi itanata na kukamata vumbi. Kitambaa chenye mafuta kitandaze nje kikauke, usikikunje. Wengine hupaka oili chafu ya magari ili mchwa wasile. Kwa kitanda hapana. Oili hiyo ina sumu, nayo huingia katika ngozi.

Twende ukutani. Ziba nyufa kwanza, halafu ndipo ufikirie uzuri. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga unashika vizuri. Ukikauka na kupasuka, ziba tena. Kisha paka chokaa. Iloweke usiku kucha, utie konzi ya chumvi ili ishike, upake mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito. Chokaa huunguza macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi na uende zahanati.

Watu hupenda kupaka mkanda wa udongo mwekundu chini ya ukuta. Unapendeza kweli. Lakini uweke nje, ambako mvua hurusha matope. Ndani, sehemu ya chini iwe nyeupe, ili mdudu akipita umwone.

Sakafu ya saruji ni bora. Kama huna uwezo, shindilia udongo mpaka uwe mgumu, na uzibe kila ufa unaotokea. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Kitanda kisiguse ukuta, acha nafasi ya shubiri moja. Chandarua kichomekwe chini ya godoro. Mtu asilale chini sakafuni.

Na kama homa iliacha kisha ikarudi, usingoje ije mara ya tatu. Nenda zahanati. Mwambie mganga hivi: "Homa iliacha, imerudi, na mimi nalala katika chumba cha sakafu ya udongo." Maneno hayo yatamsaidia kupima damu yako kwa darubini. Dawa ya homa ya papasi ipo, nayo inaponya.

Kama nguvu zako za mwaka huu zinatosha kitanda kimoja tu, anza na kile anacholalia mama mjamzito au mtoto mdogo.