Sumu iliyojificha katika mng'aro wa bakuli

BAKULI la udongo linalong'aa kama asali hupendeza mezani. Lakini je, wajua mng'aro huo umetokana na nini? Katika vyombo vingi vya kale, na baadhi ya vinavyotengenezwa hata leo, umetokana na risasi, madini ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kwa nini risasi?

Katika karne ya 17, wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, walisifika kwa sahani zilizopambwa kwa uji wa udongo. Fundi alichora kwa uji mweupe juu ya udongo mwekundu, kisha akanyunyiza unga wa galena, yaani jiwe lenye risasi. Ndani ya tanuri, risasi iliungana na silika iliyo katika udongo na kuwa utando wa kioo. Kwa kuwa oksidi ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 888 za Selsiasi, hapakuhitajika moto mkali sana.

Walioumia kwanza ni wafanyakazi, waliovuta vumbi hilo na kulimeza. Mwaka 1898 serikali ya Uingereza iliwateua mwanakemia Edward Thorpe na Daktari Thomas Oliver kuchunguza jambo hilo. Ilipofika mwaka 1947, sheria za huko ziliwakataza wenye viwanda vya vyombo kutumia risasi mbichi.

Hatari kwa mlaji

Chombo kilichochomwa kwa moto hafifu, au ambacho mpako wake haukuchanganywa vizuri, huachilia risasi kinapotiwa kitu kikali kama vile maji ya ndimu, siki, nyanya au maziwa lala. Shaba, ambayo hutiwa ili kuleta rangi ya kijani, huzidisha hatari hiyo. Huwezi kuiona sumu hii wala kuionja.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama akiwa mjamzito yaweza kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Badala yake

Mbadala unaotumika sana ni boroni, ambayo pia huyeyuka kwa moto wa kadiri. Tatizo ni kwamba boraksi, chanzo chake kimoja, huyeyuka majini. Kwa hiyo huyeyushwa kwanza pamoja na silika, hugeuka kioo, kisha husagwa kuwa unga. Mpako wa boroni waweza kuwa na ukungu wa buluu juu ya udongo mwekundu. Mafundi hupunguza ukungu huo kwa kuongeza udongo mweupe, na hutia oksidi ya chuma kidogo ili kupata ile rangi ya asali.

Soda na potasi pia huyeyusha silika, lakini utando wake hupasuka upesi kwa kuwa hunywea kuliko udongo wenyewe.

Njia ya tatu ni kuchoma kwa nyuzi 1250 hadi 1300, ambapo majivu ya kuni na jiwe la feldispa hutosha. Hata hivyo, udongo mwekundu wa kawaida hupinda au kuyeyuka kwa moto huo, na fundi hulazimika kutafuta udongo mwingine.

Mbadala peke yake hautoshi. Tanuri lililotumiwa kwa risasi miaka mingi laweza kuambukiza vyombo vipya. Ndiyo maana chombo cha chakula chafaa kupimwa katika maabara.

Ufanye nini?

Vyungu vyetu vya asili visivyopakwa kioo, vinavyosuguliwa kwa kokoto kabla ya kuchomwa, havina hatari hii ya mpako. Lakini ukinunua chombo kinachong'aa, muulize fundi ametumia nini, na kama kimepimwa. Asipojua, kiweke kiwe pambo.

Usihifadhi achari, sharubati wala maziwa lala katika chombo usichojua asili yake. Kukichemsha au kukisugua hakuondoi risasi. Na ikiwa mtoto wako amekuwa akikitumia, usingoje dalili, kwani mara nyingi hazionekani. Mpeleke kwa daktari apimwe damu.