Trei Ipi Ianze Sasa, Ipi Ingoje

Katikati ya Februari, theluji ikiwa bado imelala uani na ardhi imeganda kama saruji, maduka ya Minnesota huwa yameshapanga rafu za mbegu. Zile picha za nyanya nyekundu kwenye pakiti zina hila. Mtu aliyeingia kununua maziwa hutoka na pakiti tano, na kabla ya kulala kikopo cha mtindi kilichojazwa udongo kiko dirishani mwa jikoni.

Hapo ndipo msimu wa wengi unapoharibikia, miezi mitatu kabla ya jembe kugusa ardhi.

Katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park, ambako Wakenya ni wengi, sukuma wiki na managu si mboga za kutamaniwa kwa mbali; mwenye ua mdogo analima. Aliyekulia Kisii au Arumeru anajua kuhesabu: kitalu husiwa mapema ili miche iwe imekomaa mvua zikianza. Minnesota hesabu ni hiyo hiyo, ila badala ya kungoja mvua kuja, mkulima hungoja jalidi kuondoka. Jalidi ni ile baridi ya usiku inayogandisha umande kwenye majani na kuyaacha meusi asubuhi. Eneo la Minneapolis na St. Paul, wakulima wengi huichukua katikati ya Mei kuwa mwisho wake. Kaskazini, upande wa International Falls, hata Juni si ya kuaminiwa sana.

Wengi huitafuta tarehe hiyo mahali pasipo pake. Ramani ya kanda za baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa upya mwaka 2023, inaonyesha makali ya baridi ya katikati ya kipupwe, yaani mti gani wa matunda utauona mwaka mwingine. Kuhusu siku ya kupeleka nyanya nje haisemi lolote.

Basi nyanya. Mche wake unahitaji wiki 6 hadi 8 tangu kusiwa hadi kuhamishwa. Kutoka 15 Mei kurudi nyuma, hiyo ni kati ya 20 Machi na mwanzo wa Aprili. Iliyosiwa 15 Februari itakuwa na karibu wiki 13 siku ya kutoka: imerefuka, mizizi imejizungusha ndani ya kikopo, pengine imeshatoa maua. Wanaoona fahari kuwa na miche mikubwa hawapendi kuambiwa hili, lakini mche wa wiki 6 wenye shina nene kwa kawaida huufikia ule mzee na kuupita, kwa sababu mzee hutumia siku nyingi kupona mshtuko wa kuhamishwa.

Kinachoirefusha miche hivyo ni kiu ya mwanga. Nairobi siku ina saa 12 za mwanga mwaka mzima, na jua liko utosini. Minneapolis, kwenye nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, katikati ya Februari mchana ni saa 10 na nusu hivi, na jua lenyewe hupita chini, nusu yake likizuiwa na paa la jirani. Mche wa dirishani huinama kuelekea kioo, shingo nyembamba kama ya korongo, na ukiguswa unalala. Dawa yake ni taa. Si lazima iwe ya bei mbaya: zile ndefu za LED zinazofungwa gereji zinatosha, zikining'inizwa sentimita 5 hadi 10 juu ya majani na kupandishwa kadiri miche inavyokua, kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Usiku zizimwe, miche nayo ipumzike.

Mazao mengine yana saa zake. Kitunguu kinachoanzia kwenye mbegu ndicho cha Februari hasa, kwa kuwa kinataka wiki 10 au zaidi na hutolewa nje mwishoni mwa Aprili. Lakini Red Creole, kinachopendwa sana Afrika Mashariki, kibaki huko huko. Ni kitunguu cha siku fupi: kikipata saa kama 12 za mwanga kinaanza kufunga tunguu. Minnesota saa hizo hufika Machi, mche ukiwa bado uzi, na mavuno yake ni vitunguu vya ukubwa wa gololi. Kinachofaa ni aina ya siku ndefu, inayongoja saa 14 na kuendelea. Tena mbegu za kufungwa kwenye begi la safari bila cheti cha afya ya mimea huishia mikononi mwa maofisa wa uwanja wa ndege.

Pilipili mbuzi ni mvivu. Huweza kukaa udongoni wiki mbili, tatu, hata zaidi kabla ya kuchomoza, na huchomoza vizuri udongo ukiwa na nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Pakiti za Marekani huandika 80 kwa kipimo chao cha Farenhaiti. Nyumba ya nyuzi 20 haifiki hapo, kwa hiyo mkeka wa umeme wa kupasha trei hapa una kazi. Kusia kwake kusizidi wiki ya kwanza ya Machi. Bilinganya na ngogwe hufuata katikati ya Machi. Zote tatu zikae ndani hadi mwisho wa Mei, hata jirani akishatoa nyanya zake, kwa kuwa usiku wa nyuzi 8 hauziui ila huzidumaza.

Managu, ndugu wa nyanya, ioteshwe wakati mmoja nayo. Mbegu zake ni kama vumbi, hivyo zinyunyizwe juu na kufunikwa kidogo mno. Sukuma wiki haiogopi jalidi nyepesi: ikisiwa katikati ya Machi, inatoka mwishoni mwa Aprili. Asiye na taa anaweza kuisia ndani ya galoni tupu la maziwa lililokatwa kiunoni, lenye matundu chini na lisilo na kifuniko, kisha likafungwa kwa utepe na kuachwa nje kwenye theluji. Mbegu zitaota zenyewe siku zikipata joto. Matango na maboga hayahitaji zaidi ya wiki 4, na maharage, karoti na dhania hazipendi kuhamishwa kabisa. Zipandwe moja kwa moja. Mchicha nao usubiri udongo upate joto.

Udongo wa trei usichotwe uani. Ni mzito, na hubeba kinyausi, ule ugonjwa unaoacha miche imelala chini asubuhi, shina limenyongwa pale linapotokea ardhini. Mchanganyiko mwepesi wa dukani ni salama zaidi, maji yatiwe kwenye sinia la chini, na feni ndogo ipeperushe hewa.

Kilichobaki kwa Februari ni kazi ya mezani: kupima mbegu za zamani kama bado zinaota. Mbegu 10 za pakiti ya zamani zikunjwe ndani ya karatasi ya jikoni iliyolowa, ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki mahali penye joto. Za nyanya za miaka minne mara nyingi bado zina uhai. Za kitunguu za mwaka juzi zikiota tatu tu, pakiti mpya inunuliwe wiki hii.