DAWA YA DIZELI NA MAJI YA MASIKA

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Aprili, niliombwa kuitazama jenereta ya kituo kimoja cha afya kijijini. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika kwa siku mbili. Jenereta iliwaka kwa dakika chache, ikakohoa, kisha ikazimika; na chanjo zilizokuwamo katika jokofu zikabidi kutupwa. Mtunza ghala alisikitika sana, kwani kila mwezi alikuwa akitia ndani ya pipa chupa nzima ya dawa ya dizeli. Dawa hiyo haikuwa ya bandia. Je, kosa lilikuwa wapi?

Kiongezi ni nini?

Dizeli ni mchanganyiko wa hidrokaboni, ambazo nyingi zina atomi 10 hadi 20 hivi za kaboni. Kiongezi ni kemikali itiwayo kwa kiasi kidogo ili kuibadili tabia moja ya mafuta hayo. Kipo cha kupunguza msuguano katika pampu, cha kurahisisha uwakaji, cha kuzuia mafuta yasichakae upesi, cha kuua vijiumbe, na cha kukabili baridi. Kila kimoja kina kazi yake, kama vile kwinini isivyotibu jino.

Chupa niliyoonyeshwa ilikuwa ya baridi. Katika nchi zenye theluji, nta iliyomo katika dizeli huganda na kuwa fuwele, nazo huziba chujio. Ujerumani, nilikosomea, kiwango hutaka dizeli iuzwayo tangu tarehe 16 Novemba hadi mwisho wa Februari iweze kupita katika chujio hata halijoto ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kiongezi cha baridi huzifanya fuwele hizo kuwa ndogo. Tena sharti kitiwe kabla ya nta kuganda. Baada ya hapo hakifai kitu. Kijiji kile hakijapata kuona theluji. Adui yake alikuwa mwingine.

Pipa linalopumua

Pipa la kituo lilisimamishwa wima uwanjani, vizibo vikiwa juu. Tuchukulie kwamba ndani ya pipa la lita 200 mlikuwa na lita 50 za dizeli na lita 150 za hewa. Mchana halijoto ya pipa hupanda, tuseme, kutoka nyuzi 20 hadi 35 za Selsiasi, yaani kutoka 293 hadi 308 katika kipimo cha Kelvin. Hewa ikitanuka bila kuzuiwa, ujazo wake huwa:

150 × 308 ÷ 293 = lita 157.7

Basi karibu lita 8 za hewa hutoka mchana, na usiku kiasi hicho huingia tena. Ndivyo pipa linavyopumua.

Wengi hudhani kwamba unyevu wa hewa hiyo ndio uletao maji yote. Hebu tupime. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyojaa mvuke, katika nyuzi 25, huchukua gramu 23 hivi za maji. Kwa hiyo lita 8 hazichukui hata gramu 0.2. Kwa siku 100, hata mvuke wote ukigeuka maji, tutapata gramu 20 tu, yaani vijiko vinne vya chai. Lakini mimi nilikinga kutoka chini ya pipa lile zaidi ya lita mbili!

Mwizi alikuwa juu ya kifuniko. Ukingo wa pipa hufanya kisahani, na mvua ya masika hukijaza hadi vizibo vikafunikwa. Mvua hiyo hiyo hulipoza pipa ghafla. Kanieneo ya hewa iliyomo ndani hushuka. Nayo maji hufyonzwa kupitia nyuzi za kizibo kisichokazwa sawasawa.

Uhai mpakani

Maji yana densiti kubwa kuliko dizeli, hivyo hutuama chini. Mpakani mwa vimiminika hivyo viwili huota bakteria na kuvu, hususan kuvu aitwaye Hormoconis resinae: maji humpa makazi, dizeli humpa chakula. Hufanya utando wenye utelezi, na asidi zinazotokana navyo hula chuma. Kiongezi cha kuua vijiumbe chaweza kuwaangamiza, lakini hakiondoi maji, na mizoga yao huendelea kuziba chujio. Kwanza toa maji na uchafu, ndipo utie dawa.

Kanuni za kuhifadhi

1. Pipa lililojaa lilazwe kivulini, vizibo viwili vikiwa katika mstari mlalo, ili dizeli ivifunike kwa ndani.
2. Pipa linalotumika liwe chini ya paa, liinamishwe kidogo kwa ubao ili maji yasivifikie vizibo. Bomba la kuvutia mafuta lisifike chini kabisa.
3. Usitumie chombo kilichopakwa zinki wala cha shaba. Metali hizo huharakisha kuharibika kwa dizeli.
4. Kiongezi cha kuzuia uchakavu kitiwe mafuta yakiwa mapya. Ni kinga, si tiba.
5. Chupa za viongezi zifungwe vizuri, zikae mbali na jua na moto, na zibaki na lebo zake. Kamwe usizihamishie katika chupa za soda. Mtoto aweza kunywa.

Kituo kile hakikununua dawa nyingine. Tulisafisha pipa, tukabadili chujio, tukajenga kibanda cha makuti. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya chupa za mwaka mmoja.

Mazoezi

1. Lebo yasema: sehemu 1 kwa 1,000. Pipa lina lita 60 za dizeli. Pima mililita ngapi za kiongezi?
2. Rudia hesabu ya hewa kwa pipa lenye lita 180 za dizeli. Je, kwa nini pipa lililojaa ni salama zaidi?
3. Mwalimu achukue dizeli kutoka chini ya pipa la shule, aiweke katika chupa ya kioo mbali na moto, aiache itulie kwa saa moja. Wanafunzi waeleze wanachokiona.