Insha ya Ombi la Udahili Ng'ambo: Utungo Tusioufundisha

Utangulizi

Makala haya yanaichunguza insha ambayo mwanafunzi wa Kenya huiandika anapoomba nafasi ya kusomea shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha ng'ambo, hasa nchini Marekani. Kwa kuwa insha hiyo huandikwa kwa Kiingereza, huenda msomaji akauliza ina uhusiano gani na jarida la Kiswahili. Tunashikilia kwamba mazoea mengi ya utunzi ambayo mwombaji huingia nayo katika kazi hiyo ameyapata katika darasa la Kiswahili, na kwamba baadhi ya mazoea hayo humponza.

Safari ya Wakenya kwenda kusoma Marekani si jambo geni. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodiwa kupitia juhudi za Tom Mboya na wafadhili wa Marekani. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri, akaenda kusoma katika jimbo la Kansas. Vijana wale walikuwa na watu mashuhuri wa kuwasemea. Mwombaji wa leo hujisemea mwenyewe, na hujisemea kwa maandishi.

Matakwa ya insha ya ombi

Zaidi ya vyuo 1,000 hupokea maombi kupitia fomu moja ya pamoja iitwayo Common Application. Pamoja na alama, barua za walimu na maelezo ya shule, fomu hiyo hutaka insha isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Maswali yake hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mwombaji huruhusiwa pia kujichagulia mada. Alama huthibitisha kwamba mwombaji anayaweza masomo, lakini wenye alama hizo ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Insha ndiyo humwonyesha msomaji jinsi huyu mmoja anavyoyatazama mambo na kuyafikiria.

Uzito wake kwa Mkenya huongezwa na suala la fedha. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya kibinafsi vyenye sifa huko Marekani imepita dola 80,000. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua hata mwombaji wa kigeni bila kujali uwezo wa familia yake, kisha humlipia kiasi chote anachopungukiwa. Katika vyuo vingi vingine, kuomba ufadhili kwenyewe humpunguzia mgeni nafasi ya kuchaguliwa. Kwa mtoto wa mkulima mdogo, basi, kurasa mbili za insha zinaweza kuamua kama atasafiri au la.

Mtunzi aliyelelewa na mtihani

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400 na yenye alama 20. Tuitazame insha ya methali, ambayo wanafunzi wengi huipenda. Mtahiniwa hubuni kisa kinachothibitisha pande zote mbili za methali, akakipamba kwa nahau na tashbihi. Mhusika hujikaza kisabuni, hupiga moyo konde, na mwishowe hutambua kwamba majuto ni mjukuu. "Mimi" anayesimulia ni wa kuazima: anaweza kuwa yatima katika insha ya Jumatatu na mwana wa tajiri katika ile ya Ijumaa. Hatulaumu jambo hilo. Ni zoezi zuri la ubunifu, na msamiati hukua.

Tatizo hutokea mwanafunzi huyo huyo anapoketi kuandika insha ya ombi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwombaji wa kwanza anaandika: "Tangu utotoni nimekuwa na hamu isiyo kifani ya kuwa daktari ili niikomboe jamii yangu kutoka katika lindi la maradhi." Wa pili anaandika: "Zahanati ya kwetu hufunguliwa siku za Jumanne. Mama alipougua siku ya Alhamisi, nilianza kuandika katika daftari kila Jumanne ambayo muuguzi hakuja. Muhula ulipokwisha nilikuwa na Jumanne tano." Sentensi ya kwanza ingeweza kuandikwa na kijana yeyote, kutoka Kisumu hadi Karachi. Ya pili haina hata tashbihi moja, lakini msomaji ameshaona kijana anayepima tatizo kabla ya kulilalamikia, na anataka kujua daftari lile lilimfikisha wapi.

Wapo wanaodai kwamba Mwafrika hushindwa na insha hii kwa kuwa utamaduni wake unamkataza kujisifu. Dai hilo halina mashiko. Fasihi simulizi yetu ina majigambo, utungo mzima ambamo mtu hujitaja na kuyatangaza matendo yake mbele ya watu bila haya. Tofauti iko kwenye chuku. Anayejigamba huruhusiwa kutia chumvi kwa sababu hadhira inamjua na ilikuwapo; msomaji wa ombi hamjui mwandishi, na kila kilichotiwa chumvi humtia shaka. Tawasifu nayo, ambayo wanafunzi huifahamu, haitoshi. Hufuata maisha tangu kuzaliwa, hali maneno 650 hayatoshi hata kumaliza shule ya msingi.

Umaskini kama bidhaa

Jambo linalotusumbua zaidi ni uvumi kwamba wafadhili hununua machozi. Matokeo yake ni insha ambamo ukame, njaa na karo vinapangwa foleni, naye mwombaji mwenyewe haonekani. Umaskini ukiwa sehemu ya kisa, na utajwe kwa jina lake. Lakini fomu za fedha zimekwisha kuieleza hali ya familia kwa tarakimu. Insha inatakiwa kueleza mwombaji alifanya nini ndani ya hali hiyo na alifikiri nini. Kijana anayejifunza kujieleza kwa dhiki zake pekee amepoteza kitu hata akichaguliwa.

Barua ya mwalimu na kalenda

Mwalimu wa Kiswahili ni miongoni mwa wanaoombwa barua ya mapendekezo. Mara nyingi huandika kwa sajili ya cheti cha kumaliza shule: mtiifu, mwenye bidii, mwenye nidhamu. Sifa hizo haziwatenganishi wanafunzi 40 wa darasa moja. Aya moja inayoeleza jinsi mwanafunzi alivyoipinga tafsiri ya mwalimu kuhusu shairi fulani, na kwa hoja zipi, ingemfaa zaidi.

Kalenda nayo ina mitego. Miaka ya karibuni matokeo ya KCSE yametangazwa mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo makataa ya vyuo vingi vya Marekani yanafika au yamekwisha kupita. Kwa hiyo wengi huomba katika mzunguko unaofuata, na mwaka huo wa kungoja hutumiwa kwa mtihani wa SAT na kwa uandishi. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit na mwandishi John Manners, huwaandaa wanafunzi wenye alama za juu kwa mchakato huo. Wasiopata msaada kama huo hubaki kubahatisha. Anayeielekea Uingereza ajue kwamba huko maelezo ya mwombaji hujikita katika somo analolitaka, si katika maisha yake, na kwamba vyuo vingi havimpokei mwenye KCSE pekee moja kwa moja, bali hutaka kwanza mwaka wa maandalizi.

Kwa mwombaji anayefikiri kwa Kiswahili, tunapendekeza rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili, bila methali wala nahau, kisha iandikwe upya kwa Kiingereza pasipo kutafsiri. Nahau iliyokuwa ikificha upungufu wa wazo haitavuka, na mwandishi ataliona pengo mapema, kabla msomaji wa ng'ambo hajaliona.