Kipimo cha Utumbo Mpana: Kazi Kubwa Huanzia Nyumbani

Mwananchi wa Ukerewe anapoambiwa kwamba anatakiwa kwenda Bugando kufanyiwa kolonoskopi, mara nyingi hutoka katika chumba cha daktari akiwa na barua ya rufaa mkononi na maswali kadhaa aliyoona haya kuyauliza. Mrija huo unapita wapi? Unauma? Atakaokuwepo chumbani ni akina nani? Kwa kukosa majibu, wapo wanaoikunja barua hiyo na kuihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na miezi inapita huku damu ikiendelea kuonekana chooni.

Kolonoskopi ni uchunguzi wa ndani ya utumbo mpana kwa kutumia mrija laini unaopindika, wenye unene unaokaribia wa kidole, ambao nchani una taa na kamera ndogo. Mrija huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na kusogezwa taratibu hadi mahali utumbo mpana unapokutana na utumbo mwembamba, umbali wa takriban mita moja na nusu. Daktari huitazama picha katika kioo kama cha runinga. Kupitia mrija huohuo anaweza kupitisha kifaa chembamba cha kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara, au kukata kivimbe alichokikuta. Hapo ndipo kipimo hiki kinapotofautiana na vipimo vingi, kwa kuwa huweza kuwa tiba papo hapo. Baadhi ya vivimbe vya utumbo mpana hugeuka kuwa saratani baada ya miaka mingi, na kivimbe kilichokatwa leo hakipati nafasi hiyo. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata vivimbe kwa njia hii jijini New York mwaka 1969, miaka miwili kabla ya Hospitali ya Bugando kufunguliwa.

Damu chooni ina sababu zaidi ya moja

Katika visiwa na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, mtu akiona damu katika choo hujipa mwenyewe moja kati ya majibu mawili: ni bawasiri, au ni kichocho. Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kichocho cha tumbo kimeenea mno katika ukanda huu, kwa kuwa vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayevua, anayefua, anayeoga au anayechota maji ziwani. Mayai ya minyoo hao hunasa katika kuta za utumbo na ini. Katika utumbo huleta vidonda, kuharisha damu na wakati mwingine vivimbe. Tiba yake, dawa ya prazikwanteli inayotolewa kwa kufuata uzito wa mtu, inafahamika katika kila kaya yenye mtoto wa shule ya msingi.

Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuwa na kichocho na saratani kwa wakati mmoja. Mayai ya kichocho yakionekana katika choo, hayathibitishi kwamba damu yote inatokana na kichocho. Vivyo hivyo, mwenye bawasiri anaweza kuwa na kivimbe juu zaidi, mahali ambapo jicho na kidole cha daktari havifiki. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa zaidi ya 300 wa saratani ya utumbo mpana waliotibiwa hapo, na walio wengi walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wagonjwa wa aina hiyo hawakuugua ghafla. Damu, mabadiliko ya choo na kupungua uzito huwa vimetangulia kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyekwisha kumeza dawa ya kichocho na damu ikaendelea anapaswa kurudi katika zahanati au kituo cha afya, badala ya kununua dozi nyingine dukani au kutumia dawa ya mitishamba inayoingizwa kwa bomba. Arudi pia mtu ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, anayehisi hajamaliza haja kila atokapo chooni, anayepungua uzito, au aliyeambiwa ana upungufu wa damu usioelezeka. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua saratani ya utumbo alitaje jambo hilo hata asipoulizwa. Kutoka zahanati, safari ya rufaa hupitia Hospitali ya Wilaya Nansio, na kwa mkazi wa Ukara huanzia Bwisya.

Kabla ya kupanda meli

Wengi hudhani kwamba sehemu ngumu ya kolonoskopi ni ile ya chumba cha kipimo. Waliokwisha kufanyiwa husema vingine. Sehemu ngumu ni siku iliyotangulia, na ndiyo inayoamua kama kipimo kitafanikiwa. Kamera haioni kupitia kinyesi. Utumbo usiposafishwa vizuri, daktari hukatisha kipimo na mgonjwa hupangiwa siku nyingine, ambayo kwa mtu wa kisiwani ni nauli nyingine, malazi mengine na siku nyingine za kazi zilizopotea. Kibaya zaidi, kivimbe kidogo kinaweza kufichwa na uchafu na mgonjwa akaambiwa yu salama.

Maandalizi huanza na mazungumzo. Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma huwa vinasimamishwa takriban wiki moja kabla, kwa sababu hugeuza choo kuwa cheusi na chenye kunata. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayepima hatari ya kuziacha na hatari ya kuendelea nazo. Mwenye kisukari apangiwe upya dozi zake, maana kumeza dawa au kuchoma insulini kama kawaida huku hali chakula huweza kushusha sukari hadi kuzimia. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, waseme mapema, kwa kuwa si kila dawa ya kusafisha tumbo inawafaa.

Kwa siku mbili au tatu kabla ya kipimo, mgonjwa huombwa kuacha vyakula vyenye makapi na mbegu. Maharage, choroko, karanga, mchicha, matembele, kisamvu, mapera, nyanya na ugali wa dona huwekwa pembeni, pamoja na michembe na matobolwa. Ugali wa sembe, wali mweupe, mayai, na sato au sangara wa kuchemsha aliyeondolewa miiba vyote vinaruhusiwa. Siku moja kabla, chakula kigumu husimama kabisa. Hubaki maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa na juisi angavu isiyo na nyama za tunda. Maziwa na uji havimo katika orodha hiyo, hata uji mwepesi. Vinywaji vyekundu kama juisi ya rozela viepukwe, kwani rangi yake ndani ya utumbo hufanana na damu.

Kisha hufuata dawa yenyewe. Aina inayotumika sana ni unga unaochanganywa na maji mengi, mara nyingi lita tatu hadi nne, na kunywewa glasi moja kila baada ya dakika 10 au 15. Ladha yake ni ya chumvichumvi na haipendezi. Ikipozwa hunyweka kwa urahisi zaidi. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa au kutibiwa, kamwe yasiwe ya kuchotwa ziwani moja kwa moja. Baadhi ya hospitali huigawa dozi mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, na mgonjwa afuate saa alizoandikiwa hata kama anaona tumbo limekwisha kuwa tupu. Kuharisha huanza baada ya saa moja au zaidi na huja kwa kasi. Aliyepanga chumba katika nyumba yenye choo kimoja cha wapangaji wengi awataarifu majirani. Mafuta ya mgando yakipakwa mapema huzuia michubuko.

Hapa ndipo mkazi wa Ukerewe anapopaswa kupanga tofauti na mkazi wa Nyamagana. Meli kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua saa tatu au zaidi, na anayezunguka kwa kivuko cha Kisorya na kupita Bunda hukaa ndani ya gari kwa muda mrefu. Dawa ya kusafisha tumbo hainywewi kisha mtu akapanda chombo. Mgonjwa avuke siku moja kabla, afikie kwa ndugu au katika nyumba ya wageni yenye choo cha karibu, na anywee dawa hapo. Siku ya miadi ipangwe kwa kuzingatia ratiba ya meli, na afisa wa rufaa anapoandika tarehe aambiwe kwamba mgonjwa anatoka kisiwani. Gharama nazo ziulizwe mapema: kama kadi ya bima inalipia kipimo hiki katika hospitali ya kanda, na kama inalipia uchunguzi wa nyama maabara. Asiye na uwezo huonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kipimo.

Chumbani

Mapokezi huanza kwa maswali, na majibu yake yawe ya kweli. Muuguzi kijana atamwambia mzee, "Shikamoo baba, choo cha mwisho kilikuwaje?" Mzee, kwa haya, hujibu, "Marahaba mwanangu, kilikuwa kizuri." Jibu hilo halimsaidii muuguzi. Anachotaka kujua ni rangi. Choo cha mwisho kinapaswa kuwa maji matupu ya rangi ya njano hafifu, yanayokaribia kufanana na mkojo. Kikiwa cha kahawia au kina vipande, ni afadhali kusema hapo mlangoni kuliko daktari kugundua mrija ukiwa tayari ndani.

Mgonjwa hutia sahihi fomu ya ridhaa, na huo ndio wakati wa kuuliza maswali yote. Hubadilisha nguo, huvaa gauni la hospitali na kufunikwa shuka. Huwekewa sindano ya mshipa, na kwa kawaida hupewa dawa ya kutuliza na kupunguza maumivu. Wengine husinzia na kuamka kipimo kikiwa kimekwisha. Wengine hubaki macho na kuzungumza na daktari. Hulala kwa ubavu wa kushoto akiwa amekunja magoti. Daktari hupima kwanza kwa kidole chenye glavu, kisha huingiza mrija uliopakwa jeli.

Hewa hupulizwa ili kuta za utumbo zitanuke. Mgonjwa huhisi tumbo limejaa na kama anataka kwenda haja, ingawa utumbo ni mtupu. Panapokuwa na kona huja msokoto wa tumbo kwa muda mfupi, na muuguzi anaweza kumwomba ageuke au kumbonyeza tumbo kidogo. Hewa ikitoka kwa sauti, itoke. Kuizuia ndiko kunakoongeza maumivu, na waliomo chumbani wameizoea. Kukatwa kipande cha nyama hakuumi. Kipimo chote huchukua kati ya dakika 20 na saa moja.

Wanaume wengi hueleza kwamba kilichowazuia kwenda ni heshima kuliko maumivu. Hofu hiyo haifai kubezwa. Mgonjwa, mwanamume au mwanamke, ana haki ya kuuliza ni akina nani watakuwepo na kuomba muuguzi wa jinsia yake awepo. Sehemu inayofunuliwa ni ndogo, na macho ya daktari muda mwingi yako kwenye kioo.

Baada ya kipimo

Mgonjwa hupumzishwa hadi dawa ipungue nguvu. Tumbo huweza kuunguruma na kujaa hewa kwa saa chache. Kwa saa 24 asiendeshe pikipiki wala gari, asishike injini ya mtumbwi, asinywe pombe na asitie sahihi mkataba wowote, kwa kuwa dawa ya kutuliza hubaki mwilini hata mtu anapojiona yuko sawa. Ndiyo maana huhitajika mtu mzima wa kumsindikiza, naye asiwe mtoto wa shule aliyetumwa kubeba mfuko. Usiku huo ni vyema kulala Mwanza.

Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Utumbo kutoboka hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 1,000 katika vipimo vya kawaida, na kutokwa damu hutokea zaidi pale kivimbe kilipokatwa, pengine siku kadhaa baadaye. Maumivu makali yasiyopungua, tumbo kuwa gumu, homa, kutapika au damu nyingi chooni ni sababu ya kurudi hospitali mara moja. Aliyekwisha kurejea kisiwani aende Hospitali ya Wilaya na karatasi ya kipimo mkononi.

Daktari huweza kueleza alichokiona siku hiyohiyo. Kwa kuwa dawa husahaulisha, msindikizaji naye asikilize. Majibu ya nyama hutoka baadaye, na hapa wengi hupotea: hujisikia nafuu, hurudi kwenye nyavu au shamba, na majibu hubaki hospitalini. Mgonjwa aondoke akiwa na tarehe ya kuyafuata na namba ya simu ya kuulizia. Kama majibu yataonesha saratani, Bugando ina idara ya saratani yenye upasuaji, dawa na tiba ya mionzi, hivyo mgonjwa wa Kanda ya Ziwa halazimiki tena kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kuifuata mionzi kama ilivyokuwa zamani. Kama kivimbe kilikatwa na hakikuwa na saratani, ataambiwa arudi baada ya miaka mingapi, na mwaka huo uandikwe katika kadi yake kabla hajatoka mlangoni.