Ndege Ndogo Inapotua

Watu wengi hudhani kazi ngumu ya rubani ni kuirusha ndege. Siyo hivyo. Kutua ndiko kugumu zaidi. Ajali nyingi za ndege ndogo hutokea wakati wa kutua.

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Hewa ikipita kwa kasi, mabawa yana nguvu. Ikipita polepole, nguvu hupungua. Sasa, ili atue ni lazima rubani apunguze mwendo. Akipunguza mno angali juu, mabawa hushindwa kubeba, na ndege huanguka kama gunia. Asipopunguza vya kutosha, uwanja humwishia, akaingia kwenye miti au mashamba ya watu. Ndiyo maana hutua akielekea upande upepo unakotoka, maana upepo humpunguzia mwendo. Ule mfuko wa kitambaa unaopepea juu ya mlingoti pale uwanjani siyo pambo. Humwonyesha upepo unatoka wapi.

Ndege ndogo ya injini moja hugusa ardhi kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 100 kwa saa. Kwa sekunde moja tu imepita mita 28 hivi. Je, mbuzi akikatiza mbele yake itakuwaje? Rubani hawezi kusimama ghafla, na akikwepa, ndege yaweza kupinduka. Shimo la kuchimbia udongo wa matofali, au kichuguu kilichoachwa kikakua, huvunja gurudumu la mbele. Nyasi ndefu zilizolowa mvua nazo huteleza. Basi ukiona ndege inapita chini chini bila kutua, rubani hachezi. Anakagua uwanja, au anafukuza mifugo yetu. Iondoeni upesi! Huenda amekuja kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua.

Na ajali ikitokea je? Tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Hiyo ilikuwa kubwa kuliko hizi tunazozisema. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kwa hiyo msidhani uokoaji ni kazi ya watu wa mjini peke yao. Mara nyingi wa kwanza kufika ni jirani.

Ila jirani naye ajihadhari. Nyingi ya ndege hizi ndogo hutumia petroli, nayo hushika moto upesi. Sigara, kibatari na mienge vikae mbali. Usipite mbele ya ndege kama pangaboi lake linazunguka; likizunguka kwa kasi halionekani vizuri. Majeruhi asivutwevutwe, maana huenda ameumia uti wa mgongo. Lakini moto ukianza, au ndege ikizama, mtoeni haraka. Hapa Tanzania piga simu 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto. Wala mtu asichukue bati au waya kwenda kutengenezea vyombo. Wachunguzi huvihitaji ili wajue chanzo.

Jadilini darasani: Uwanja wenu ulifyekwa lini? Nani huchunga mifugo karibu nao? Ndege ikianguka leo usiku, mtawasha taa gani?